Kwa nini mwanga wa mwezi ni "bright" na sebule yako ni "dim"?

"The lamp produced a sharp light." Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, utaikuta kwenye ripoti nyingi za maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kisarufi haina kosa. Kiima kipo, kitenzi kipo, wakati uliopita umekaa sawa. Hata fizikia yake inaeleweka: taa iliwashwa, mwanga ukawa mkali. Lakini msahihishaji anapiga mstari mwekundu chini ya "sharp", pembeni anaandika "bright", anaendelea na safari yake. Mwanafunzi anabaki anajiuliza: kwani "sharp" si ndiyo "kali"? Kisu kikali ni "sharp knife". Sasa mwanga mkali umekosa nini?

Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, na jibu la "ndivyo Waingereza wanavyosema" si jibu, ni kukwepa. Ndani yake kuna isimu, kuna hesabu kidogo, na kuna fizikia ya mwanga na macho ambayo wengi tuliisoma bila kuihusisha na lugha. Twende taratibu.

Tuanzie nyumbani. Angalia neno "kali" linavyotembea katika Kiswahili: kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, pilipili kali, pombe kali, maumivu makali, mwanga mkali, na siku hizi hata wimbo mkali. Kiingereza hakina neno moja la kubeba mzigo wote huo. Kisu ni "sharp", mbwa ni "fierce", mwalimu "strict", pilipili "hot", pombe "strong", maumivu "severe", na mwanga "bright". Neno letu moja, maneno yao saba. Mwanafunzi aliyeandika "sharp light" hakukosa kamusi. Kamusi ilimpa neno la kwanza kwenye orodha, naye akalichukua.

Tena kosa lenyewe linauma zaidi katika fizikia kuliko katika insha ya kawaida, kwa sababu "sharp" ina kazi yake maalumu kwenye somo la mwanga. "Sharp image" ni taswira iliyolengwa vizuri, kingo zake hazina ukungu. "Sharp shadow" ni kivuli chenye mpaka wa wazi. "Sharp line" kwenye spektra ni mstari mwembamba wa rangi moja. Kwa hiyo msomaji wa ripoti akiona "sharp light" hafikirii mwanga mwingi. Anaanza kuwaza kingo na mipaka. Ujumbe umeshapotea njia. Na kama ripoti hiyo ni ya tasnifu, au makala imetumwa kwa jarida la nje, mtu anaweza kuambiwa Kiingereza chake ni kibovu wakati vipimo vyake vyote viko sahihi. Nawajua watu waliorudishiwa makala kwa maneno kama hayo. Inaudhi.

Kabla hujawalaumu Waingereza, jua kwamba sisi tunafanya vilevile kila siku, ila hatujioni. Giza linapokuwa kubwa tunasema giza totoro. Jaribu kulichukua hilo "totoro" ulipeleke kwingine: ukungu totoro? Moshi totoro? Halikubali. Limefunga ndoa na giza. Kitambaa ni cheupe pe, na ukikiita cheusi pe watu watakucheka. Mvua yetu ni kubwa, yao ni "heavy". Ukisema mvua nzito Mswahili atakuelewa, lakini atajua umetoka mbali. Hakuna mwalimu aliyewahi kukaa akakufundisha haya. Uliyasikia yakiwa pamoja mara elfu, mwishowe yakakuingia yakiwa jozi.

Wanaisimu wana jina la jozi hizi: kolokesheni, yaani maneno yenye mazoea ya kuandamana. Aliyelifanya wazo hili kuwa maarufu ni J. R. Firth, Mwingereza aliyefundisha katika chuo cha SOAS jijini London na ambaye mwaka 1944 alikuwa mtu wa kwanza nchini Uingereza kupewa kiti cha uprofesa wa isimu kwa ujumla. Katika maandishi yake ya mwaka 1951 alitoa mfano ambao kwa mada yetu unafaa kabisa: "dark night". Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu ya maana ya neno "night" ni ile tabia yake ya kukaa na "dark", na sehemu ya maana ya "dark" ni kukaa na "night". Maana ya neno basi haimo ndani ya neno peke yake kama punje ndani ya ganda. Nyingine iko kwa majirani.

Enzi za Firth wazo hili lilikuwa la kusikilizia sikio. Kompyuta zilipoingia likawa la kuhesabika. Timu ya John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham ilikusanya maandishi mengi ya Kiingereza halisi na kutoa kamusi ya COBUILD mwaka 1987, kamusi iliyotazama kwanza watu wanaandikaje. Mwaka 1990 Kenneth Church na Patrick Hanks wakapendekeza kipimo kilichoazimwa kutoka nadharia ya habari, na kwa ubongo wa hesabu za sekondari kinaeleweka. Tufanye kwa namba za kupigia mfano tu.

Chukua maandishi yenye maneno 1,000,000. Ndani yake "light" imetokea mara 400 na "bright" mara 100. Kama maneno yangekuwa yametupwa ovyo kama karanga kwenye sinia, ungetegemea "bright" ikae mbele ya "light" mara ngapi? Zidisha 400 kwa 100, gawanya kwa 1,000,000. Unapata 0.04, yaani kwa kukadiria haitokei kabisa. Sasa unahesabu kwenye maandishi na kukuta zimekaa pamoja mara 20. Gawanya 20 kwa 0.04: mara 500 zaidi ya ilivyotegemewa. Ukitafuta logi ya 500 katika kizio cha 2 unapata karibu 9, na hiyo ndiyo alama ya urafiki wao. Fanya hivyo hivyo kwa "sharp" na "light", alama itashuka. Ndiyo maana ya mstari mwekundu wa msahihishaji: bila kujua, kichwa chake kimekuwa kikipiga hesabu hii tangu utotoni.

Kipimo hiki kina udhaifu wake. Kinapenda sana maneno adimu. Neno ambalo halionekani popote isipokuwa kwa rafiki yake mmoja litapata alama kubwa mno hata kama limetokea mara mbili tu. Ukikiendesha kwenye maandishi ya Kiswahili, "totoro" ingetoka kifua mbele. Kwa hiyo watafiti huchanganya na vipimo vingine. Tusikae hapo.

Kilichonivutia mimi zaidi ni kinachotokea baada ya kujua kwamba "bright" ndiye mwenzi wa "light". Unaweza kudhani sasa kazi imeisha: mwanga mwingi ni "bright", mwanga kidogo ni "dim", funga daftari. Hapana. Kiingereza kinasema "bright sunlight" na pia "bright moonlight", kwa kivumishi kilekile. Hebu tulete kipimo. Mwanga unaoangukia juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Jua la mchana kwenye anga safi hufika kama luksi 100,000. Mwezi mpevu ukiwa juu kabisa hutoa kama luksi 0.25. Gawanya: jua linazidi mwezi mara 400,000 hivi. Tofauti ya mara laki nne, na kivumishi hakijatikisika!

Halafu chukua sebule yenye balbu moja dhaifu, tuseme ina luksi 25. Kiingereza kitaiita "a dim room", na mgeni ataomba uwashe taa nyingine. Lakini sebule hiyo ina mwanga mara 100 ya ule wa mbalamwezi. Yaani "dim" yetu imeizidi "bright" yetu mara mia.

Je, Kiingereza kimechanganyikiwa? Kidogo tu. Kivumishi hapa hakipimi mwanga wenyewe. Kinapima mwanga dhidi ya matarajio yanayokuja na nomino. Neno "moonlight" linaleta kizio chake: kwa mwezi, hii ni nyingi. Neno "room" linaleta chake: kwa chumba cha watu kukaa na kusoma, hii ni kidogo. Ni kama ukisema panya mkubwa na tembo mdogo. Hakuna anayedhani panya amemzidi tembo. Na nyuma ya lugha kuna jicho. Mboni hupanuka gizani, na seli za nyuma ya jicho hubadilika taratibu, kwa dakika ishirini na zaidi, mpaka mwanga mdogo sana unatosha kuonyesha njia. Mtu aliyekaa nje usiku wa mwezi mpevu kweli anaona mwanga mwingi. Jicho lake limeshahamisha kizio.

Hii ndiyo sababu maneno haya, hata yakiwa sahihi kabisa kimazoea, hayatoshi kwenye ripoti ya maabara. "A bright light" itakuokoa na kalamu nyekundu, lakini haimwambii mtu anayetaka kurudia jaribio lako aweke nini. Andika jozi sahihi, kisha weka namba: luksi ngapi, umbali gani kutoka kwenye taa.

Upande wa mwanga kidogo ndiko kuna mitego mingi zaidi. Sisi tuna "hafifu", nalo linafanya kazi nyingi: mwanga hafifu, sauti hafifu, harufu hafifu. Kiingereza kinagawa. "Dim" ni ya macho, na ya kumbukumbu zilizofifia. Inaenda na taa, vyumba, korido. "Faint" ni ya chochote kilicho karibu na mpaka wa kutokuhisiwa, kwa mlango wowote wa fahamu: "a faint smell", "a faint sound", "a faint light". Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa "dim" lakini hakiwi "faint", na harufu inaweza kuwa "faint" lakini haiwi "dim". Nyota ya mbali huitwa zaidi "faint", na ukifikiria ni haki yake. Haijafifishwa na mtu. Iko mpakani mwa uwezo wako wa kuona.

Wanaastronomia, tofauti na sisi wengine, waliamua kuufunga mpaka huo kwa namba. Wagiriki wa kale walizigawa nyota katika madaraja sita, la kwanza likiwa la nyota zinazoonekana zaidi na la sita la zile ambazo jicho tupu linazikamata kwa taabu. Mwaka 1856 Norman Pogson akapendekeza kanuni: tofauti ya madaraja matano iwe sawasawa na mara 100 ya mwanga. Kwa hiyo kwao "faint" ina ngazi, na kila ngazi ni kama mara 2.5 ya inayofuata. Ule uwiano wa jua na mwezi niliokupa juu, mara 400,000, kwenye ngazi zao ni madaraja 14 tu.

Kuna jozi nyingine inayowakwaza watu: "low light". Simu zinauzwa kwa sifa hiyo, kwamba kamera inapiga vizuri kwenye "low light". Mwanafunzi mwenye akili anajumlisha: kama mwanga mdogo ni "low light", mwingi ni "high light". Mantiki safi kabisa, na Kiingereza hakiitaki. "Highlight" ni kitu kingine. Jozi za maneno hazina wajibu wa kuwa na kinyume.

Sasa twende dukani, maana huko ndiko maneno ya Kiingereza kuhusu mwanga yanakula pesa yako. Chukua boksi la balbu ya LED. Pembeni limeandikwa "warm white 3000 K" au "cool daylight 6500 K". Fundi wa mtaani hana shida, atakuuliza tu: unataka taa ya njano au nyeupe? Lakini wewe uliyesoma fizikia unasimama hapo unashangaa. K ni kelvini, kipimo cha jotoridi. Inakuwaje 3000 iitwe vuguvugu na 6500 iitwe baridi?

Hapa lugha na fizikia zimegeuziana mgongo kabisa. Kitu kinapopata moto sana hutoa mwanga, na jinsi kinavyozidi kuwa moto ndivyo mwanga wake unavyohama kutoka wekundu kwenda njano, weupe, mpaka buluu. Chuma cha mhunzi hukuonyesha hatua za mwanzo. Mshumaa una kama kelvini 1,900, balbu ya zamani ya waya kama 2,700, uso wa jua kama 5,800. Usiku wa Januari, anga likiwa safi, tazama kundi la nyota la Orion: Betelgeuse ina wekundu na uso wake una kama kelvini 3,500; Rigel ina weupe wa kibuluu na ina kama 12,000. Nyota ya "rangi ya baridi" ndiyo yenye moto wa kutisha.

Ila watu walioziita rangi hizi "warm" na "cool" hawakuwa wanapima nyota. Walikuwa wamekaa karibu na moto wa kuni na mshumaa, vitu vya njano vinavyopasha joto, na wakaangalia kivuli, maji na barafu, vitu vya kibuluu vya baridi. Jozi "warm light" imezaliwa mekoni. Namba ya kelvini imezaliwa maabara. Kiwanda kimezibandika zote mbili kwenye boksi moja bila kuzipatanisha. Na kwa taarifa yako, LED yenyewe haina joto la kelvini 6,500, ingekuwa imeshayeyusha nyumba; namba ile inasema tu kwamba rangi ya mwanga wake inafanana na ya kitu chenye joto hilo. Kwa hiyo ukitaka mwanga wa utulivu chumbani, namba ndogo. Ukitaka mwanga wa kushonea au kusomea, wengi huchukua kubwa. Hilo ni suala la ladha. Mimi namba 6500 sebuleni naiona kama zahanati.

Huo uazimaji wa maneno ya joto kwa ajili ya rangi si ajali. Mwaka 1976 Joseph Williams alichapisha katika jarida la Language uchunguzi wa vivumishi vya Kiingereza vinavyohama kutoka mlango mmoja wa fahamu kwenda mwingine, na akaonyesha kwamba safari zina mwelekeo. Maneno ya mguso huhamia kwenye ladha, rangi na sauti. Safari ya kurudi ni adimu. Ndiyo maana mwanga wa Kiingereza umejaa maneno ya ngozi: "soft light", "hard light", "harsh light", "warm", "cold". Na "mkali" wetu, yule wa kisu, amesafiri barabara hiyohiyo. Kilichotofautiana ni neno gani la mguso lilichaguliwa.

Wapiga picha wameyapa mawili kati ya hayo maana ya kipimo kabisa. "Hard light" kwao haina uhusiano na wingi. Ni mwanga unaotoka kwenye chanzo kinachoonekana kidogo, kwa hiyo vivuli vina kingo kali. Jua la saa sita mchana ni mfano: liko mbali mno kiasi kwamba kwa macho yetu ni kisahani kidogo, ndiyo maana picha ya harusi iliyopigwa saa hiyo ina vivuli vyeusi chini ya macho ya bibi harusi. Wingu likipita, anga lote linageuka chanzo kimoja kipana, vivuli vinayeyuka, nao wanaita "soft light". Kwa hiyo, kwa kejeli, yule mwanafunzi wa "sharp" angekuwa anaandika kuhusu vivuli, angekuwa karibu na ukweli.

Baadhi ya jozi zina tabia, si maana tu. "Broad daylight" ni mfano wangu ninaoupenda. Neno kwa neno ni "mchana mpana", na sisi tunalo pacha wake: mchana kweupe. Ukizisoma kwenye magazeti, za kwao na zetu, utaona zinaita nini: wizi, utekaji, mauaji. Ameibiwa mchana kweupe. Nadra mtu aandike kwamba harusi ilifungwa mchana kweupe, na akiandika utahisi kuna jambo. Bill Louw wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe aliandika mwaka 1993 kuhusu jambo hili, namna majirani wa neno wanavyolipaka rangi nzuri au mbaya mpaka rangi inabaki hata majirani wakiondoka. Kwa hiyo ukiandika kwamba jaribio lako lilifanyika "in broad daylight", msomaji atatafuta mwizi.

Nyingine zimebeba historia iliyosahaulika. "Limelight", kwa mfano, haihusiani na ndimu. "Lime" hiyo ni chokaa. Karne ya 19 kumbi za maonyesho ziliangaza jukwaa kwa kupasha kipande cha chokaa kwa moto wa gesi za haidrojeni na oksijeni mpaka kikatoa mwanga mweupe mkali sana. Ukumbi wa Covent Garden jijini London uliutumia mwaka 1837. Taa hizo hazipo tena, jozi imebaki kwa watu maarufu. Na "light" yenyewe ni maneno mawili yaliyogongana njiani: la mwanga lina ukoo mmoja na "lux" ya Kilatini, ile iliyotupa luksi, na la wepesi linatoka shina jingine kabisa. Yamefanana sauti tu. "A light box" inaweza kuwa boksi jepesi au boksi la taa, na ni majirani watakaokuamulia.

Nimeacha vitenzi mwisho kwa sababu hapo Kiingereza kina utajiri wa ajabu, na utajiri wenyewe una harufu moja. Soma kwa sauti: "glow", "glare", "gleam", "glint", "glitter", "glisten", "glimmer". Yote yanaanza na "gl", yote ni ya mwanga. Firth, yuleyule, ndiye aliyebuni jina la kipande cha sauti chenye tabia hii mwaka 1930. "Gl" si kiambishi. Huwezi kuikata ukapata mzizi, na ipo pia kwenye "glove" na "glue" ambazo hazina mwanga wowote. Lakini vichwa vya wasemaji vinaitambua. Mwaka 2004 Benjamin Bergen alichapisha jaribio: watu waliooneshwa neno kama "glitter" walitambua "glow" haraka zaidi kuliko pale maneno yalipofanana sauti tu au maana tu.

Kwa mtu wa fizikia raha iko hapa: kila kitenzi kina mwenzi wake, na ukimtazama mwenzi unaona fizikia iliyo nyuma. Kinacho-"glow" ni makaa yaliyokolea, yasiyo na ndimi za moto. Mwanga unatoka kwenye kitu chenyewe kwa sababu kina joto. Kinacho-"glint" ni upanga, kipande cha kioo, na jicho. Hicho hakitoi mwanga wake, ni uso mdogo laini uliourudisha kwako kwa nukta moja. Kinacho-"gleam" ni kitu kilichosuguliwa, kama sufuria iliyopigwa majivu. Kinacho-"glisten" lazima kiwe na maji au mafuta: majani yenye umande, ngozi iliyotoka kupakwa, kwa sababu utando wa majimaji umejaza mabonde ya uso na kuufanya uakisi kama kioo. "Glare" ni ya mwanga uliozidi uwezo wa jicho kwa wakati ule, kama dereva wa mbele anapogoma kushusha full.

Nje ya ukoo wa "gl" mambo ni hayohayo. Lami ya saa nane mchana ina-"shimmer", kwa sababu hewa ya moto juu yake inapinda miale huku na huku. Nyota zina-"twinkle", kwa sababu nukta yao moja ya mwanga inasukumwasukumwa na tabaka za hewa yetu. Sayari, ambazo kwenye darubini ni visahani, hutulia zaidi. Kiswahili tuna kumetameta, kumeremeta na kung'aa, nazo ni nzuri, ila hatuzigawi kwa fizikia namna hiyo. Sioni aibu. Sisi tumegawa mambo mengine.

Na "flicker" ni ya chanzo kinachowaka na kufifia chenyewe: mshumaa upeponi, au balbu ya bei ya chini. Hii unaweza kuijaribu leo. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu isiyo na kichujio kizuri ndani hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, haraka mno kwa jicho. Fungua kamera ya simu, isogeze karibu na balbu. Ukiona mistari myeusi inatambaa kwenye kioo, balbu yako ina-"flicker". Ile ya bei ya juu kidogo, mara nyingi, hutaona kitu.